Aliyetafsiri Mji Ulionyooka

Jumamosi, 2 Novemba 1974

Daftari hili ni mali ya ofisi na nimeliiba. Nimeona nianze na kweli moja, nyingine zitafuata.

Mvua bado. Joto limekaa juu ya Tabora kama mgeni asiyejua kuaga. Toka asubuhi nimepiga chapa majina ya watu watakaohamishiwa vijiji vipya, na tulipofunga saa sita na nusu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Sikurudi nyumbani. Nilipita dukani kwa mjomba Nassibu, anayetengeneza redio na gramafoni hapa Isevya, maana alisema amepata kitu.

Kitu chenyewe ni santuri mbili ndani ya jalada moja. Ameziacha kijana wa Kizungu aliyekuwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, amekwenda kwao. Bendi ya Waingereza, jina refu la ovyo. Siyo nyimbo kumi za kuchezea. Ni hadithi moja, imekatwa katika pande nne, na maneno yake yote yamechapwa ndani ya jalada kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Inaitwa Mji Ulionyooka.

Tulikuwa wanne. Mjomba. Mwalimu Bernardo, aliyesoma seminari akatoka kabla ya upadri, na tangu hapo anaongea na kila mtu kama aliyekuja kuungama. Mfaume, karani wa reli, kijana wa chama. Na mimi, niliyepewa kiti kibovu.

Hadithi: Mpima anafika katika mji wenye njia zilizopinda. Anatoa kamba. Anasema haki ni mstari ulionyooka.

Kinanda kinalia kama nyuki waliovunjiwa mzinga. Ngoma zinakwenda kwa hesabu ya saba, mguu haujui utue wapi. Mfaume alisema huo ni ugonjwa, siyo muziki. Lakini hakuondoka.

Jumapili, 3 Novemba

Nimefua. Nyuki bado wamo kichwani.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumesikiliza upande wa kwanza na wa pili. Katika wa pili njia zimenyooshwa, na watu wanashindwa kufika makwao, kwa sababu kila mtu alikuwa akiijua njia kwa kona zake.

Ikawa vita. Mjomba anasema Mpima ni Mungu, na sisi tunamlaumu kwa kutojua mwisho wa kamba. Mfaume anasema ni mkoloni, imekwisha, aliyetunga ni Mwingereza na anaungama dhambi za babu yake. Mwalimu Bernardo alingoja wote wachoke, kisha akaegemea ukuta. "Mpima ni Akili," akasema. "Akili ya binadamu ikiona kilichopinda haiwezi kulala. Mtakatifu Thomaso..." Na kadhalika, mpaka betri zikaanza kuzorota.

Nikasema, "Mimi naona Mpima ni mtu ambaye hajawahi kukatizwa akisema."

Mwalimu akatabasamu. "Dada Mwamvita, umesikia maneno, lakini hujasikia fikra." Kisha akaendelea pale alipoachia.

Kiingereza changu ni cha miaka minne ya shule ya masista. Chake ni cha vitabu vya Kilatini. Mara mbili amesoma neno la "kamba" akalifanya "kanuni". Sikumsahihisha. Nilitaka nione atakwenda nalo umbali gani. Alikwenda mbali.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeazima jalada kwa mjomba. Nimeanza kuyageuza maneno kwa Kiswahili, si kwa ajili ya mtu, ni kwa hasira tu.

Upande wa tatu ni dakika kumi na nane za mwanamke mmoja. Kamba ya Mpima inatakiwa ipite kitandani pake, naye anakataa kuamka. Waingereza wamemwita mwanamke aliyefiwa na mume, basi. Nimekaa na neno hilo siku nzima nikipiga chapa orodha. "Mjane" ni neno la mahakamani. Ofisi ilipofungwa ndipo lilipokuja lenyewe, kizuka, mfiwa anayekaa eda:

Kamba yako ya katani, kitanda changu cha miti,
ipitishe hata uani, ipitishe nyuma ya mti;
hapa nililala bibi arusi, hapa nimelala kizuka,
kamba haipiti hapa.

Nimeusoma ubeti huu kwa sauti ofisini peke yangu. Kisha nikausoma tena.

Jumamosi, 16 Novemba

Hakuna betri mjini kote. Tulikaa kwa mjomba tukitazamana kama waliofiwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Pande tatu zimekwisha, kurasa kumi na moja, nimezipiga chapa vizuri. Jalada nimelirudisha dukani, wa nne nitaufanya nikipumzika. Jioni nilimpelekea Mwalimu Bernardo azipitie, maana pamoja na yote ndiye anayejua vina. Alizipokea kwa mikono miwili. Nikamwona mtu wa maana kwa muda kama wa kumeza mate.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika kalamu ikichana karatasi.

Mwalimu alikuja na kurasa zangu ndani ya mfuko wa koti. Mjomba aliweka upande wa tatu, sauti chini, na Mwalimu akasimama akasoma Kiswahili juu ya sauti ya kinanda. Anasoma vizuri, mshenzi. Alipofika kwenye kitanda mjomba aliinamisha kichwa. Mkewe alikufa mwaka juzi. Mfaume, yule wa ugonjwa siyo muziki, alifuta macho kwa mgongo wa mkono akasingizia vumbi.

Mwalimu aliposhusha kurasa, mjomba akasema, "Mwalimu, leo umetoa kitu. Umetoa kitu hasa."

Nikamtazama Bernardo. Mdomo wake ulifunguka. Ukafungika.

Nikasema, "Nimetafsiri mimi."

Wakanigeukia wote. Mjomba akacheka, kwa upendo kabisa, na huo ndio ulioniua. "Wewe umepiga chapa, mwanangu. Na umepiga safi, hakuna kosa hata moja."

"Mjomba, nasema nimetafsiri mimi."

"Wamesaidiana," Mfaume akasema, akiniokoa. Akamwomba Mwalimu kurasa azinakili. Na Bernardo akampa. Akampa kurasa zangu, akazikunja kwa uangalifu, huku akisema kwa sauti ya chini, "Kazi ya kutafsiri ni kazi ya unyenyekevu."

Niliondoka bila kuaga. Nyuma yangu niliwasikia wakibishana kama kitanda ni mfano wa nafsi au wa taifa.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua imefika. Bati la ofisi linapiga makelele hata sisikii mashine yangu. Nimeshukuru.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Mwalimu Bernardo alinieleza, mimi, kwa nini neno "kizuka" limetumika pale badala ya "mjane". Alieleza vizuri sana. Alisema mjane ni hali ya sheria na kizuka ni hali ya mwili, aliye ndani, aliyefunikwa. Mimi sikuwahi kulifikiria hivyo, na ni kweli, na nimemchukia zaidi.

Jumanne, 24 Desemba

Idd Kubwa. Matope hadi kwenye vifundo. Mama amepika pilau ndogo. Nyumba nyingi zinakula ugali wa unga wa njano kutoka Amerika. Mama aliniuliza mbona sura imekuwa kama limau. Nikamwambia. Akasema, "Umeibiwa maneno? Mwanangu, maneno unayo mengi mno. Mwachie mwalimu wa watu."

Jumamosi, 11 Januari 1975

Lazima niandike polepole.

Asubuhi karani mkuu aliniletea ripoti nipige chapa, nakala tano. Ilitoka kwa maofisa wa uhamishaji upande wa Urambo. Aya ya tatu ilisema mwanamke mmoja, makamo, alipofikiwa na lori la kuwahamisha alijilaza kitandani na kutamka maneno ya uchochezi. Maneno yenyewe yameandikwa. Ni ubeti wangu. Umekosewa mahali patatu, lakini ni wangu.

Ripoti ikaendelea: mwanamke alibebwa pamoja na kitanda, mguu mmoja wa kitanda ukavunjika, naye akaumia nyonga. Maneno hayo yamesambaa kwa wafanyakazi wa reli na sasa yanatajwa vijijini. Inasadikiwa mtunzi ni mwalimu B. wa Tabora.

Nilikaa nimeweka vidole juu ya mashine. Kitu cha kwanza nilichohisi, na nimeapa kusema kweli humu, kilikuwa furaha. Mtu nisiyemjua, ambaye hajasikia gramafoni maisha yake, amelala akasema maneno yangu. Cha pili kilikuwa hasira kwa ile herufi B. Cha tatu ndiyo ile nyonga, na ilichelewa kufika, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa.

Kisha nikapiga chapa nakala tano. Ubeti niliusahihisha.

Jumatatu, 13 Januari

Vijana wa chama wamefika dukani kwa mjomba, wamechukua santuri na jalada. Mfaume alikuwa miongoni mwao. Alimwambia mjomba, "Shikamoo, mzee, ni kazi tu," na mjomba hakumwitikia marahaba. Bernardo amesimamishwa shule. Ataitwa mbele ya kamati.

Jumamosi, 18 Januari

Mvua bila kupumua. Nilikwenda chumbani kwa Bernardo, nyuma ya kanisa. Alikuwa akikunja mashati.

"Hodi," nikasema.

"Usiingie, watu watasema."

Nikaingia. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia nimetafsiri mimi. Hawana ushahidi mwingine. Nenda nyumbani, una mama wa kumtunza."

"Nimekuomba unifiche?"

"Dada Mwamvita, mtu anakukinga na mvua, unamtukana?"

"Sifa uliichukua bila kuniuliza," nikamwambia, "na adhabu unaichukua bila kuniuliza. Kwangu ni wizi uleule."

Aliweka shati chini. Nilidhani atanifokea. "Unajua kibaya ni nini?" akasema. "Toka siku ile nimekuwa nikijaribu kuufanya upande wa nne. Siwezi. Naandika kama mtu anayesoma tangazo la misa."

Nilitoka na mvua ikanipiga njia nzima. Nilitaka awe mwoga au awe shujaa nipate kulala. Yeye hakunipa hata kimoja.

Jumatano, 22 Januari

Mvua.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Majina mia mbili na arobaini, vijiji vitatu.

Jumatatu, 27 Januari

Kamati ilikaa saa tatu asubuhi. Mimi nilipelekwa kuandika kumbukumbu za kikao, maana mwandishi wao ana homa. Nimecheka peke yangu koridoni.

Wajumbe watano. Katibu katikati, mtu mwembamba anayegonga meza kwa penseli. Mwanamke mmoja tu, Bi Sikuzani, wa umoja wa wanawake, mkubwa wa mwili na mzito wa kuamka. Mezani kulikuwa na jalada la santuri, kurasa zangu kumi na moja, na fungu la orodha za uhamishaji.

Bernardo alisimama. Katibu akasoma ubeti wa kitanda kwa sauti ya mtu anayeshika panya mkiani. Akauliza, "Ndugu Mwalimu, haya ni maneno yako?"

"Ni tafsiri yangu."

"Ulikusudia kupinga vijiji?"

"Nilikusudia kutafsiri."

Niliweka kalamu chini. "Ndugu Katibu, huyu anasema uongo. Nimetafsiri mimi."

Penseli ikasimama. Kisha wakacheka, wanaume wote wanne, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Katibu akasema, "Ndugu, tunajua umezipiga chapa. Mashine ni ya ofisi yetu, hilo tutalizungumza baadaye. Andika."

Bernardo akasema, "Msimsikilize. Ni mpiga chapa tu."

Sitajua kamwe kama alisema hivyo kuniokoa. Najua nilivyosikia. Nilisimama, nikavuta jalada mezani bila ruhusa. "Upande wa nne haujatafsiriwa," nikasema. "Mpeni yeye asome. Akishindwa, nipeni mimi."

Katibu alichoka na sisi, nadhani. Akaninyang'anya jalada, akamsukumia Bernardo. Bernardo aliangalia zile herufi. Mvua ilikuwa imekatika na chumba kizima kilisikia akivuta pumzi. Akasoma mstari mmoja kwa Kiingereza, akaanza, "Mpima... alirejea... kwenye makazi..." Akanisukumia mimi.

Nikaanza. Sikuwa na muda wa kuogopa.

Mpima anarudi kwake jioni, mji wote umenyooka. Anakuta nyumba yake mwenyewe iko nje ya mstari. Anapima mara ya pili. Anapima mara ya tatu. Anamwita mkewe aje ashike ncha ya kamba, na mkewe hayupo. Alipotea zile siku kona zilipoondolewa.

"Halafu?" Bi Sikuzani akauliza. Alikuwa ameinuka kitini. "Hakumpata?"

"Mama, tafadhali," Katibu akasema.

"Nimeuliza alimpata?"

Nikaendelea. Mpima anatoka barabarani na kamba yake, anagonga mlango baada ya mlango. Nikasema, maneno yakija moja kwa moja kutoka Kiingereza kama yalikuwa yakiningoja:

Kamba haipimi peke yake, hutaka mikono miwili;
mmoja wangu niliujua, wa pili sikuusaili.
Nyote mlionishikia ncha, tokeni niwaone:
mji huu nimeunyoosha na nani?

Hapo nikakwama. Hakukuwa na neno gumu. Nilikuwa nimeona yale majina yaliyo mezani mbele ya Katibu, yote, ukurasa kwa ukurasa, na kila moja nimelipiga chapa mimi, safi, bila kosa.

Bi Sikuzani akasema, "Kweli ni huyu."

Hakuna aliyecheka. Katibu aligonga penseli mara moja, akaniuliza kama nafahamu nilichokubali. Nikasema nafahamu. Akaniambia niandike maelezo yangu na niweke sahihi. Niliandika jina langu lote mpaka la babu.

Jumamosi, 1 Februari

Nimefukuzwa kazi. Kwa sababu nimesoma, na kwa sababu Bi Sikuzani alinisemea, sikupelekwa mbele zaidi. Napelekwa kijiji kipya upande wa Usinge kufundisha kisomo cha watu wazima. Bernardo amerudishwa shule. Watoto wanamwita Mwalimu Nakala.

Mjomba Nassibu alikuja kwa mama. Alikaa ukingoni mwa kiti, akazungusha kofia mikononi. "Mwanangu, ningejuaje?" akasema.

"Nilikwambia mara mbili, mjomba."

Akatazama kofia. Chai aliiacha nusu.

Ijumaa, 7 Februari

Stesheni. Treni ya Kigoma imechelewa saa nne. Mfaume alikuwa dirishani akitoa tiketi, akajifanya hanijui. Nilimshukuru kwa hilo.

Bernardo alikuja, miguu imejaa tope. Alisimama mbele ya sanduku langu.

"Siku ile waliponisifu," akasema, "nilingoja useme."

"Nilisema."

"Ulisema mara mbili tu. Ungekazana ningekubali."

"Kweli husemwa mara ngapi kwa watu wa seminari, Mwalimu?"

Akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia sijamsamehe, na sijisikii vibaya. Akatikisa kichwa kama aliyepewa bei ya kitu. Hata hivyo alinipandishia sanduku, na nikamwachia alipandishe, kwa sababu lilikuwa zito.

Jumanne, 18 Februari

Kijiji hakina jina, kina namba. Nyumba ziko safu mbili kando ya barabara, zimenyooka, nusu yake hazijaezekwa. Nyuma yake msitu. Wanafunzi wangu ni wanawake thelathini chini ya turubai. Mvua inaingia pembeni na ubao haushiki chaki.

Jumatano, 26 Februari

Hawanipendi. Nimetoka ofisini na wanajua ofisi gani.

Jumapili, 9 Machi

Jana baada ya somo alibaki mmoja, Nyamizi, mkulima, wa rika la mama yangu, anayeandika huku akiuma ulimi. Tulikuwa tukingoja mvua ipungue. Akaanza kuimba chini kwa chini ile ya kitanda cha miti.

Nikamwuliza ameipata wapi.

"Watu wanaiimba. Ya mwalimu mmoja huko Tabora."

"Ni yangu," nikasema.

Aligeuka akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Yako?"

"Wametunga Waingereza. Mimi nimeigeuza."

"Kizuka ni neno la Kiingereza?"

"Hapana. Hilo nimeliweka mimi."

"Basi ni yako," akasema. Nikangoja. Nimeingoja sentensi hiyo tangu Novemba. Lakini hakutabasamu; alikunja kanga yake akaikamua maji. "Ni ya uongo, mwalimu. Hakuna mtu anayelala kitandani lori likija. Yule wa Urambo alilala kwa sababu ya hii yako, wakamvunja. Lori likija unanyanyua watoto kwanza. Halafu unaangalia huku na huku, una mikono miwili tu, unachagua. Mimi kuna nilichokiacha, mpaka leo nikikikumbuka nashindwa kula. Hicho hukukiandika."

Nikasema siyo mimi niliyetunga hadithi. Nikasema mengi. Nilijisikia nikieleza tofauti ya mtunzi na mtafsiri, sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya Bernardo.

"Kama siyo yako, usiseme ni yako," Nyamizi akasema. "Kama ni yako, itengeneze." Akajifunika daftari kichwani akatoka mvuani.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimkasirikia siku nne. Darasani nilimpa vema zake bila kumtazama. Leo ya tano niliamka mapema, nikaifuata safu ya nyumba hadi ya mwisho, nikapiga hodi, nikamwuliza aliacha nini.